Shabiki wa Mazembe kule Kolwezi ana haki ya kuuliza: kesho ni ya nani?

Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni safari ya kilometa zaidi ya 300, kwa kupitia Fungurume na Likasi, nyuma ya malori yaliyobeba shaba. Si kila shabiki ana makuta ya kufanya safari hiyo. Hata hivyo, ndani ya komini za Manika na Dilala, na kule pande za Kingamyambo ambako Metalkol inachakata tena mabaki ya madini yaliyotupwa zamani, jezi nyeusi na nyeupe ya Tout Puissant Mazembe haijawahi kuwa ya wageni. Mtoto anairithi kwa baba yake kama anavyorithi jina.

Lakini siku hizi mazungumzo ya mpira kwenye nganda yamebadilika. Zamani swali lilikuwa Mazembe itashinda kwa mabao mangapi. Sasa mashabiki wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema timu imekwisha, na kuna wanaosema ni upepo tu, utapita. Wote wawili wanakosea, na kosa lao ni moja: wanaitazama timu ya leo kwa kioo cha mwaka 2010.

Kioo hicho ni kizuri mno, na ndiyo maana ni vigumu kukiweka chini. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Pachuca ya Mexico bao 1-0, kisha ikaitoa Internacional ya Brazil kwa 2-0. Kipa Robert Kidiaba akaketi chini na kuruka-ruka kwa makalio mbele ya macho ya dunia. Mpaka siku ile, fainali ya Kombe la Dunia la klabu ilikuwa ya Ulaya na Amerika ya Kusini peke yao. Inter Milan ilishinda fainali 3-0, lakini katika Katanga nzima hakuna aliyelia. Mwaka huo huo Mazembe ilikuwa imeipiga Espérance ya Tunisia 5-0 mjini Lubumbashi katika fainali ya Afrika, ikiwa ni taji la pili mfululizo baada ya lile la 2009. Lingine likaja 2015, mbele ya USM Alger.

Vijana wengi wa Kolwezi wanadhani historia ya klabu inaanzia hapo. Haianzii hapo. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto, kisha ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Baada ya taji la Kombe la Washindi la 1980, ulifika ukame mrefu. Kutoka ubingwa wa Afrika wa 1968 mpaka ule wa 2009 ni miaka 41. Kuna watu waliozaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, bila kuiona Mazembe ikiwa bingwa wa bara. Na bado waliendelea kuwa mashabiki. Anayesema leo kwamba timu imekufa kwa sababu ya misimu michache mibaya, angewauliza wazee hao kwanza.

Basi hali ya leo ikoje? Mwaka 2024 Mazembe ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ilitoka sare 0-0 na Al Ahly mjini Lubumbashi, kisha ikafungwa 3-0 mjini Cairo. Kwa timu nyingi za Afrika hiyo ingekuwa sherehe. Msimu uliofuata mambo yakaharibika. Katika kundi la Al Hilal ya Sudan, MC Alger na Young Africans ya Tanzania, Mazembe ilimaliza ya mwisho. Ilitoka sare 1-1 na Yanga nyumbani, halafu mwanzoni mwa 2025 ikafungwa 3-1 mjini Dar es Salaam. Na ndani ya nchi, taji la Linafoot ambalo Mazembe ilikuwa imelichukua 2024, mwaka 2025 likaenda Kinshasa, kwa Aigles du Congo.

Kilichouma zaidi, ingawa mashabiki hawapendi kukitaja, kilitokea mwezi wa kumi mwaka 2025. Saint-Éloi Lupopo, jirani na mpinzani wa tangu zamani, iliitoa Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Lupopo ilishinda 3-0 Lubumbashi, ikafungwa 3-0 kule Soweto, kisha ikapita kwa penalti na kuingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kwa mtu aliyekulia Kolwezi akiwacheka watu wa Lupopo kila siku, hiyo ilikuwa siku ya kuzima telefone.

Ukitafuta sababu, utasikia majina: kocha huyu, mshambuliaji yule, refa fulani. Hayo ni mambo ya Jumatatu asubuhi. Sababu kubwa ni makuta, na namna yanavyoingia.

Moïse Katumbi alichukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997. Kabla yake klabu ilikuwa na sifa za zamani na mfuko mtupu. Yeye alileta fedha, akaleta nidhamu ya malipo, akajenga uwanja wa Kamalondo uliofunguliwa mwaka 2011, akaanzisha akademia inayobeba jina lake. Wachezaji walisafiri kwa ndege ya klabu wakati timu nyingine za Kongo zilikuwa zikilala katika viwanja vya ndege. Mshahara ulifika kwa wakati. Ndiyo maana mwaka 2011 kijana Mtanzania aitwaye Mbwana Samatta aliacha Simba ya Dar es Salaam na kwenda Lubumbashi. Rainford Kalaba na Stopila Sunzu walitoka Zambia. Lubumbashi ilikuwa mahali ambapo mchezaji wa Afrika ya kati na mashariki alikuwa akipanda ngazi, na Samatta alipanda mpaka akatajwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, kabla ya kwenda Genk.

Leo njia imegeuka. Fiston Mayele alitoka AS Vita ya Kinshasa akaenda Yanga mwaka 2021, kisha Pyramids ya Misri, ambako alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2025. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union, naye akaenda Yanga. Mchezaji wa Kikongo mwenye kipaji sasa anatazama Dar es Salaam kama vile Mtanzania alivyokuwa akitazama Lubumbashi. Na Watanzania hawakuokota jambo hilo njiani. Mwaka 2021 shirikisho lao lilisaini na Azam mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kila klabu ya ligi yao inajua kuna fedha itakayoingia hata kama tajiri wake ameamka vibaya. Simba na Yanga zina matajiri pia, tena wakubwa, lakini zina wanachama wanaopiga kura na kuuliza.

Mazembe ina nini? Ina uwanja, ina jina, ina akademia. Na ina patroni. Fedha za mashindano ya Afrika si za kuendesha klabu ya kiwango hicho. Timu inayofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa inapewa na CAF dola milioni 1.2. Inayoishia katika makundi inapewa dola 700,000. Toa tiketi za ndege za watu 30 kwenda Afrika ya Kaskazini na kurudi, toa hoteli, toa mishahara ya mwaka, kinachobaki si cha kumshawishi mshambuliaji mzuri abaki. Haki za televisheni za Linafoot hazifanani na zile za Tanzania, na ligi yenyewe kila msimu ina kesi zake, kalenda inabadilika, mechi zinaahirishwa. Na tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, mashabiki wa pande hizo wamekaa bila ligi katika viwanja vyao. Ligi ya taifa inayokosa Kivu ni ligi iliyopungua, na bingwa wake, awe nani, anapungua pamoja nayo.

Hapa ndipo mtu wa Kolwezi anapaswa kusikiliza vizuri, kwa sababu habari hii ameshaiishi mara moja. Haikuwa ya mpira. Ilikuwa ya Gécamines.

Wazee wa mji walikuwa wakisema kampuni ni baba na mama. Ililipa mshahara, ilitoa unga, ilijenga nyumba, ilisomesha watoto, ilitibu wagonjwa, ilitunza viwanja na timu za mpira. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka, na mambo mengine mabaya yalikuwa yamekwisha kuanza ndani ya vitabu vya hesabu. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, jina ambalo mpaka leo linawafanya watu wacheke kwa uchungu. Baba na mama walipoondoka, hakuna aliyekuwa ameandaliwa. Hospitali, shule, viwanja vya mpira, vyote vilianguka siku moja na kampuni, kwa sababu vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kamba moja.

Mazembe ya leo imefungwa kwenye kamba moja vilevile. Kusema hivyo si kumtukana Katumbi. Bila yeye hakuna 2009, hakuna 2010, hakuna 2015. Lakini Katumbi si mfanyabiashara tu. Alikuwa gavana wa Katanga kutoka 2007 mpaka 2015. Mwezi wa tano mwaka 2016 aliondoka nchini akiwa katika mgogoro na utawala wa Joseph Kabila, na hakurudi mpaka mwezi wa tano mwaka 2019. Mwaka 2023 aligombea urais na kutangazwa wa pili nyuma ya Félix Tshisekedi. Mtu wa namna hiyo ana maadui, ana kesi, ana biashara zinazoweza kufungwa kwa saini moja. Kila siasa ya Kinshasa ikipiga chafya, mfuko wa Kamalondo unaweza kushikwa na mafua.

Wapo watakaojibu kwamba miaka ile ya uhamishoni Mazembe haikufa. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Patroni akiwa mbali, timu ilichukua Kombe la Shirikisho mara mbili, 2016 mbele ya MO Béjaïa na 2017 mbele ya SuperSport United. Hiyo inaonyesha kwamba kulikuwa na watu ndani ya klabu wanaojua kazi. Lakini alikuwa mbali kwa mwili tu. Kiti cha rais kilikuwa bado chake, na kikosi kilikuwa kile alichokijenga. Swali gumu ni lingine: siku atakapochoka, au umri utakapomwambia basi, klabu ni mali ya nani? Nani anarithi uwanja? Nani analipa mshahara wa mwezi wa pili?

Lupopo haina jibu bora, tusidanganyane. Nguvu yake mpya imekuja na Jacques Kyabula, mwanasiasa aliyeingia ugavana wa Haut-Katanga mwaka 2019. Ni hadithi ileile kwa rangi ya buluu na njano. Shabiki wa Lupopo anayecheka leo naye avute kiti, asikilize.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo linafaa kumtoa shabiki wa Kolwezi katika huzuni, na la ajabu ni kwamba wengi hawalihesabu. Tarehe 23 mwezi wa kumi na moja mwaka 2024, kule El Jadida nchini Moroko, Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika. Ndiyo, bingwa. Wasichana wa Mazembe waliifunga AS FAR, timu ya Moroko, bao 1-0 kwenye ardhi ya Moroko yenyewe, chini ya kocha mwanamke, Lamia Boumehdi, ambaye baadaye alitajwa kocha bora wa mpira wa wanawake barani. Klabu ambazo zimechukua ubingwa wa Afrika kwa wanaume na kwa wanawake pia ni chache: FAR, Mamelodi Sundowns na Mazembe.

Miezi michache tu ilitenganisha taji hilo na aibu ya wanaume kumaliza wa mwisho kundini. Klabu ileile, jezi ileile. Lakini kwenye nganda shabiki anazungumza habari ya aibu tu. Kama angekuwa mwaminifu katika hesabu zake, angesema: timu yangu ilishinda Afrika mwaka 2024. Na angejiuliza kwa nini ilishinda. Jibu sehemu kubwa ni kwamba katika mpira wa wanawake Mazembe iliwekeza mapema, wakati klabu nyingi za Afrika zilikuwa bado zikifanya mzaha. Katika mpira wa wanaume ilifanya hivyo miaka ya 2000, na wengine wameshaifikia.

Kuna pia upande wa Kolwezi wenyewe. Mji huu ni makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipokatwa vipande vinne mwaka 2015. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi hii. Mabaki ya Kingamyambo peke yake yaligombaniwa mpaka mahakamani: First Quantum ilinyang'anywa mradi, na mwaka 2012 ENRC ilikubali kuilipa dola bilioni 1.25 ili kumaliza ugomvi. Bilioni moja na robo, kwa ajili ya matope yaliyotupwa na wazee. Kwa hesabu ya CAF, ni zawadi ya nusu fainali mara zaidi ya elfu moja.

Na mji wenye utajiri huo una nini katika mpira? AS Simba na Blessing FC zimeiwakilisha Kolwezi katika Linafoot, na uwanja wa Dominique Diur umeona mechi kubwa. Lakini ni wangapi wanaozijua timu hizo nje ya Lualaba? Mtoto mwenye kipaji kule Kapata au Musonoi bado anaota Kamalondo. Si vibaya kuota Kamalondo. Vibaya ni kwamba hana ngazi ya kati, na kwamba Mazembe nayo, iliyokuwa ikichota vijana Katanga nzima, haina sababu ya kuja kuwatafuta mahali ambapo hakuna mashindano ya vijana ya kudumu.

Kodi ya madini ya 2018 inasema kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo zinakwenda kwenye visima, shule, vituo vya afya, na ni sawa zianzie huko. Lakini kiwanja cha vijana chenye majani, taa na kocha anayelipwa si anasa kwa mji ambamo watoto wanaingia mashimoni kutafuta madini badala ya kwenda shuleni. Viongozi wa komini na machifu wanaokaa katika mabaraza ya kugawa fedha hizo hawajazoea kusikia ombi la namna hiyo. Mashabiki wenye jezi nyeusi na nyeupe, ambao wanajua kujipanga, kuchanga na kukodi basi wakati wa mechi, wangeweza kulipeleka.

Kwa Kamalondo kwenyewe, maombi ni mepesi kusema na magumu kutimiza. Klabu itangaze hesabu zake za mwaka, hata kwa ukurasa mmoja: kiasi gani kimetoka CAF, kiasi gani kimetoka kuuza wachezaji, kiasi gani patroni ametoa. Ifungue uanachama wa kweli kwa kadi na ada, ili mtu wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kasumbalesa awe na sauti siku ya uchaguzi. Iseme wazi akademia inatoa wachezaji wangapi wanaoingia kikosi cha kwanza kila msimu. Wapo watakaosema patroni hawezi kukubali kugawana kiti alicholipia kwa zaidi ya miaka 25. Labda. Lakini mtu aliyeijenga klabu mpaka fainali ya dunia ana faida kubwa kuliko wote kuona haianguki siku moja baada yake, na ni rahisi zaidi kuandika kanuni hizo sasa, yeye akiwepo na akiheshimiwa, kuliko kuziandika katikati ya ugomvi wa urithi.

Kwa upande wa uwanjani, shabiki ajiandae kwa misimu miwili au mitatu ya kati. Nusu fainali ya Afrika inawezekana, taji la Linafoot linawezekana, lakini Al Ahly, Sundowns na Pyramids ziko mbali kwa bajeti. Kama vijana wa akademia watapewa dakika badala ya kununua wachezaji waliochoka kutoka nje, timu itafungwa mechi kadhaa mwanzoni, na kelele zitapigwa. Swali ni kama mashabiki wa Kolwezi watakuwa kati ya wale wanaopiga kelele, au kati ya wale wanaoomba kuona karatasi za hesabu.